Nilipojifunza Kutembea Kwenye Krashi ya Ng'ombe

Mara ya pili nilipojifunza kutembea nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, na nilijifunzia ndani ya krashi ya ng'ombe. Kwa asiyefuga, krashi ni ujia mwembamba wa nguzo na fito ambamo ng'ombe huingizwa mmoja mmoja, akabanwa asigeuke, akanyunyiziwa dawa ya kupe. Hii ya mdogo wangu Gitau iko nyuma ya nyumba ya mama yetu, kijijini Kabazi, na fito zake za katikati zinanifika kiunoni barabara. Hatua kumi na moja za kwanza nilizopiga bila kushikwa na mtu nilizipiga humo. Na humo humo ndimo nilimokaribia kuipoteza miguu yangu kabisa.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa mwezi huu kwamba ana TB ya uti wa mgongo, na kwa ajili ya yule anayeishi naye. Ugonjwa wenyewe sitaueleza, daktari atakueleza. Mimi nitasema yaliyotokea kwa mpangilio, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka mingi.

Nilikuwa mkaguzi wa ajali. Kampuni ya bima jijini Nairobi ilinituma kila gari lilipogongana au kupinduka. Nilipima alama za matairi, nikapiga picha, nikauliza walioona, kisha nikaandika kipi kilitangulia kipi. Mgongo ulianza kuniuma mvua ndefu zilipoanza. Nilidhani ni kazi ya kutambaa chini ya magari, nikameza dawa za maumivu. Suruali zikaanza kunipwaya. Nikatoboa mshipi tundu jipya, kisha jingine, wala sikuandika popote kwamba nakonda.

Mwezi wa Julai nilikuwa nimechuchumaa kando ya lori lililolala ubavu kwenye mteremko karibu na Sachangwan. Ukungu ulikuwa mzito na baridi ilipenya kotini. Nilipotaka kusimama, mguu wa kushoto haukuja.

"Boss, umekwama?" aliuliza dereva wa gari la kukokota.

"Mguu umelala."

"Uamshe basi. Hii kitu tunaanza kuvuta."

Alinisubiri kidogo, kisha akanishika makwapani akaniinua kama gunia la viazi. Alinipeleka mpaka garini, akanifungia mkanda. "Mzee," akasema, "huo mguu haujalala. Enda hospitali."

Picha, sindano ya kutoa usaha mgongoni, majibu. Majuma matatu ya mabenchi. Nilijifunza kwamba kwenye benchi la kungojea hakuna anayeuliza mwenzake anaumwa na nini, watu huuliza, "Umefika saa ngapi?" Mama mmoja aliyekuwa na chupa ya chai alinimiminia kikombe kila tulipokutana, na mpaka leo sijui jina lake. Nilipoitwa ndani, mke wangu Nyambura aliingia nami. Daktari alionyesha mifupa miwili iliyoliwa kama mahindi yaliyoingiwa na dumuzi. Tiba ingechukua miezi kumi na miwili ya vidonge. Nikavishwa koti gumu la plastiki la kushikilia kiwiliwili, la kuvuliwa wakati wa kulala tu.

Vidonge vya kwanza viligeuza mkojo wangu kuwa rangi ya soda ya machungwa. Hilo nilikuwa nimeonywa. Sikuonywa kwamba mapaja yangu yangeyeyuka mbele ya macho yangu, goti likawa ndilo sehemu nene kuliko zote mguuni.

Tulikuwa tunaishi ghorofa ya nne, nyumba isiyo na lifti, ngazi sitini na nne. Siku za kliniki nilishushwa nikiwa nimeketi kwenye kiti cha jikoni, majirani wawili wakishika miguu ya kiti na mlinzi wa lango akishika mgongo wake. Neno TB lilipotembea kwenye ngazi, wale majirani wawili wakaanza kuwa na shughuli asubuhi. Ya kwangu haikuwa ya kuambukiza, lakini sikuwa na mahali pa kusimama nilitangaze hilo. Mlinzi aliendelea kuja. Alimtafuta mwenzake wa lango la jirani, wakanishusha wao wawili.

Mwishoni mwa Septemba nikamwambia Nyambura nataka kuhamia Kabazi.

"Kufanya nini?"

"Kule ni tambarare. Nitatoka nje bila kubebwa."

"Baba Shiru, huku kuna hospitali kila kona."

"Na kila kona iko chini ya ngazi sitini na nne."

Alikuwa anasahihisha madaftari ya darasa lake la sita. Aliendelea kusahihisha. "Nakujua," akasema. "Na mama yako namjua. Utawekwa kitandani ulishwe uji, kila mtu aje akuombee, na mguu ufe hapo hapo ukitazamwa. Mimi nitapigiwa simu."

Niliondoka bila sisi kukubaliana. Yeye alibaki na kazi yake, na Shiru, binti yetu, alikuwa shule ya bweni. Mpango ulikuwa Nyambura awe anakuja kila Ijumaa.

Kliniki yangu ikahamishiwa hospitali moja mjini Nakuru. Daktari wa huko alikuwa kijana mpole wa maneno machache. Alinilaza, akaniambia niinue mguu wa kushoto ukiwa umenyooka, kisha akaweka kiganja juu ya goti akakandamiza kidogo. Mguu ulishuka papo hapo.

"Tunaupa wiki nane," alisema. "Ukiweza kuuzuia huu mguu dhidi ya mkono wangu, tunaendelea na vidonge peke yake. Usipoweza, tunafungua mgongo."

Sikuuliza huo upasuaji huishaje. Benchini nilikuwa nimekaa na mtu aliyetoka kwenye upasuaji wa aina hiyo akitembea, na nilikuwa nimekaa na mwingine aliyesukumwa kwenye kiti. Majibu yote mawili nilikuwa nimeyaona kwa macho.

Fizio wangu, Chebet, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alitaka nije kwake mara tatu kwa wiki. Nilimweleza barabara ya kwetu: zaidi ya saa moja, na sehemu ya mwanzo ni mashimo yanayonirusha mpaka nasikia mifupa ikisagana. Akafikiri, kisha akachukua karatasi. "Basi jimu itakuja kwako. Nitakuandikia vitu, uvitafute. Kwangu utakuja Jumatatu, wiki moja ndiyo, nyingine hapana."

Ile karatasi ninayo bado. Kamba ya mpira ya kuvuta kwa mguu. Uzito unaoweza kuongezwa kidogo kidogo. Kitanda kigumu. Ngazi moja fupi. Kioo kirefu nijione nikisimama wima. Na mwisho, amepigia mstari: reli mbili sambamba, za kufika kiunoni, imara.

Gitau aliisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni na mabuti yake ya zizini. Yeye ni mdogo wangu kwa miaka sita, ndiye aliyebaki na shamba, na hana kitu anachokitupa. Tyubu ya baiskeli ikawa kamba ya mpira. Mkebe wa maziwa ukawa uzito: lita moja ya maji ni kilo moja, unaongeza kwa kikombe. Mlango wa zamani juu ya matofali ukawa kitanda. Kioo tulikibandua kwenye kabati la mama, naye akatutazama kama watu wanaoezua kanisa.

"Reli?" nikauliza.

"Twende nikuonyeshe reli." Akanibeba mgongoni hadi krashini, akaniteremsha katikati ya fito. "Ng'ombe wanaingia Jumamosi tu. Siku zingine ni yako. Lakini sheria ni moja: usipige teke."

"Na maziwa?"

"Hiyo sitarajii. Nimekuangalia, nikaona hakuna kitu."

Nilizishika zile fito. Zilikuwa nyeusi, laini, za kung'aa kidogo. Nilidhani ni mbavu za ng'ombe zilizozisugua kwa miaka.

Jumatatu iliyofuata Chebet aliniuliza kama nimepata reli.

"Nimepata."

"Ziko imara?"

"Zinaweza kumzuia fahali."

Akacheka. Alidhani natania, nami nikamwacha adhani hivyo. Chumbani mlikuwa na wagonjwa wengine, mmoja wao bwana aliyevaa tai hata kwa mazoezi, na sikutaka kutamka mbele yao kwamba mimi, mtu wa Nairobi, najifunza kutembea mahali ng'ombe wanaposimama. Nilisema reli. Sikusema krashi. Katika kazi yangu nimewahi kumwandikia dereva ripoti mbaya kwa sababu ya jibu la namna hiyo, jibu la kweli lililoacha nje kitu chenyewe.

Wiki ya kwanza nilisimama tu. Nilikuwa na daftari, na kila kipindi nilikiandika: siku, saa, nilichofanya, mwili ulivyojibu. Wiki ya pili, Alhamisi, asubuhi yenye jua na harufu ya majani ya viazi, nilipiga hatua kumi na moja kutoka lango moja la krashi hadi jingine, mikono ikiwa juu ya fito. Gitau alikuwa anakamua. Alisikia nyayo zikisimama, akageuka. "Basi rudi nayo," alisema. "Huko mbele hakuna soko."

Mama alikuwa na shida yake tofauti. Kwetu mgonjwa hutembelewa, na anayetembelewa hulala. Wamama wa kanisa walikuja Jumapili na unga na sukari, na kila mara mama alinitoa krashini mapema, akaniosha uso, akanifunika blanketi.

"Mama, mimi siko mahututi."

"Watu wamebeba unga kutoka mbali, halafu wakukute unainua mkebe kama askari jeshi? Wataona tumewadanganya. Lala, Kamau. Ni saa moja tu."

Nililala. Walipotoka nilirudi kwenye fito mpaka jua likaingia kwenye migomba.

Jumapili ya mwisho wa wiki hiyo ya pili nikiwa chini ya lile blanketi, mate yalianza kunijaa kinywani. Jasho likanitoka ingawa kulikuwa na baridi. Tumbo likajikunja. Mama aliniinamia baada ya maombi, akasema, "Macho yako yamekuwaje? Ile nyeusi ya katikati imekuwa ndogo kama mbegu ya sukuma wiki." Lakini kilichonitisha kilikuwa mapaja. Misuli ilikuwa inarukaruka yenyewe chini ya ngozi, jinsi ngozi ya ng'ombe inavyotikisika kufukuza inzi. Jumatatu nilipoingia krashini nilipiga hatua nne, goti likalegea.

Nyambura alikuwa amelala kwetu siku hiyo ili anipeleke kliniki. Alisikiliza maelezo yangu kwa daktari, akaongeza yale niliyoyaruka. Daktari alifikiria vidonge. Vinaweza kuumiza ini, alisema; tuvisimamishe mpaka majibu ya damu yatoke.

Siku sita bila vidonge. Ukitaka kujua hofu ni nini, meza dawa kila asubuhi kwa majuma ukiambiwa usikose hata siku moja, kisha uambiwe uache. Nilikaa nikiwaza mifupa yangu ikiliwa bila mlinzi. Nikafanya kile mtu mwenye hofu hufanya: niliongeza mazoezi. Badala ya saa moja krashini, mbili. Asubuhi na jioni. Kati ya vipindi mama aliniletea ugali na sukuma pale pale, nikala kwa mkono huo huo.

Majibu yakaja: ini lilikuwa zima. Nikarudia vidonge. Katikati ya juma hilo hilo nilikuwa nimepata nafuu, mpaka hatua nane, nikaanza kuamini. Jumapili mate yakarudi, na misuli, na tumbo. Wiki ya nne ikawa vivyo hivyo, ila mbaya zaidi. Jumapili hiyo nilianguka katikati ya krashi, koti la plastiki likagonga fito, nikabaki nimening'inia kwa kwapa moja. Gitau alikuja akinyoosha mikono. Hakutania. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kwa sababu yeye mwenyewe kichwa kilikuwa kinampasuka, kama kila Jumapili. Nyumbani tulikuwa na maelezo ya hicho kichwa: Jumamosi jioni. Yeye alikuwa akiapa kwamba ameacha pombe tangu mwaka uliopita, na mama alikuwa akimjibu, "Tumesikia."

Jumatatu ya mwanzo wa wiki ya tano daktari aliweka kiganja juu ya goti langu. Hakukandamiza. Mguu ulishuka kwa uzito wa mkono peke yake.

"Hatungoji wiki nane," alisema. "Mguu unarudi nyuma. Njooni Alhamisi kulazwa, na mtu wa kutia sahihi."

Nyambura aliuliza maswali matatu, akayaandika majibu kwenye kiganja kwa kalamu nyekundu ya ualimu. Nje, kwenye benchi, hakuniambia kwamba alinionya. Aliniambia, "Leo bado una zamu yako kwa Chebet. Twende tumuage."

Chebet alikuwa ameshapata habari. Aliketi mbele yangu, akachukua mikono yangu miwili kama mtu anayetaka kutoa pole. Kisha akaigeuza. Mistari ya viganja vyangu ilikuwa myeusi.

"Umeshika nini?"

"Reli."

"Reli gani inaacha weusi hivi?"

Nikafumba viganja. Yule bwana wa tai alikuwepo, anavuta kamba yake.

"Mwambie," Nyambura akasema.

"Ni ya ng'ombe. Krashi."

Chebet akainamisha uso, akanusa viganja vyangu mbele ya watu wote. "Ng'ombe mnawaosha kwa dawa siku gani?"

"Jumamosi."

"Na wewe unazidiwa siku gani?"

Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Nililifungua ingawa nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kwa mpangilio mzuri, nikapigia na mistari: Jumapili, mate, misuli. Jumatano, nafuu. Jumapili, mate, misuli. Jumatano, nafuu. Kazi niliyoifanya kwa miaka mingi ilikuwa imekaa kwenye kurasa tatu, na nilikuwa naigeuza kila siku bila kuisoma.

"Kwetu," Chebet alisema, "ukitoka kuosha ng'ombe hata mtoto hubebi. Mamangu alikuwa anaturushia sabuni kutoka mbali." Akasimama. "Ngoja nimwite daktari."

Nyambura alimpigia Gitau simu palepale, akaweka spika.

"Gitau, hizo fito mmezipaka nini?"

"Oili chafu ya gari. Mchwa wasikule."

"Oili peke yake?"

"Na ile dawa ya kupe inabaki kwa pampu Jumamosi. Si ni hasara kuimwaga? Naichanganya na oili napaka. Inasaidia mbao, na kupe hawajifichi." Akashusha sauti. "Kwani nini, shemeji?"

Nyambura akanipa simu. Nilimweleza ndugu yangu, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba dawa hiyo ilikuwa inapenya ngozi ya viganja vyangu na kunilegeza misuli. Nilisikia ng'ombe mmoja akilia nyuma yake, kisha simu ikakatika.

Daktari hakucheka wala hakugomba. Alitoa damu, akaagiza nioshwe mikono na mwili kwa sabuni mara kadhaa, nguo zile zitupwe, nisiikaribie krashi hata kwa kuiegemea. Alhamisi ikafutwa. Tarehe ya wiki nane ikarudi, zikiwa zimebaki karibu nne, na mguu ulikuwa dhaifu kuliko siku nilipoanza.

Nyambura alinirudisha nyumbani. Tulipofika alimwomba mama sufuria kubwa ya maji ya moto, akanisugua viganja kwa brashi ya nguo mpaka ngozi ikawaka.

"Kesho tunarudi Nairobi," alisema.

"Ghorofa ya nne?"

"Ghorofa ya nne ina sumu?"

Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti ameshika kanga yake. Ndipo alipomwambia Gitau, aliyekuwa ameketi nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, "Na kichwa chako cha Jumapili?"

Gitau aliinua uso. Nadhani ndipo alipoelewa pia. Yeye alikuwa akichanganya dawa ile kwa mkono mtupu miaka yote, akala, akalala nayo. "Niliwaambia niliacha," alisema taratibu. Mama akaenda akaketi kando yake juu ya jiwe, akamfungua kile kitambaa kichwani, akakikunja, akakaa nacho. Kwa siku ile hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake.

Asubuhi hatukwenda Nairobi, kwa sababu kulipopambazuka Gitau hakuwepo. Alirudi saa nne kutoka kwa mchomelea vyuma wa mji wa jirani, Subukia, akiwa na mabomba mawili marefu ya maji, mapya, na vyuma vya kuyashikilia. Ghala la mahindi lilikuwa tupu, mavuno bado. Alilifagia, akalipiga deki kwa sabuni, akatoka akaoga, akabadilisha nguo, ndipo akaingia na mabomba. Alichimba mashimo manne.

Nyambura alisimama mlangoni muda mrefu, mikono imekunjwa. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia nikingoja aseme twende. "Hilo bomba liko juu sana," alisema mwishoni. "Yeye kiuno chake kiko hapa." Akaingia, akamwonyesha kwa kiganja. Gitau akashusha bomba.

Nyambura alipiga simu shuleni akaomba ruhusa ya wiki moja. Kila kipindi alikaa kwenye ndoo mbele yangu, akihesabu. Hakuwahi kusema amekubali nibaki.

Siku tano mwili ulitulia. Mate yakakauka, mapaja yakaacha kurukaruka, na nilipofika Jumapili bila kitu nikalia mbele ya wamama wa kanisa. Wakadhani ni maombi, na sikuwakatalia. Mama hakunifunika blanketi siku hiyo. Aliwaleta mpaka ghalani, wakasimama kwa mstari na pakiti zao za unga, wakanitazama nikiinua mkebe.

"Huyu ni mgonjwa ama ni fundi?" mmoja akauliza.

"Ni mgonjwa," mama akasema. "Anaumwa hivyo."

Wiki ya sita hatua sita. Wiki ya saba kumi na nne, kwa mabomba. Mvua fupi zilikuwa zimeshachelewa, zikaja zote pamoja. Tulifanya mazoezi maji yakipiga mabati mpaka Gitau akalazimika kuonyesha hesabu kwa vidole. Alikuwa ameanza kutania tena, lakini taratibu, kama mtu anayejaribu barafu kwa jino bovu. Krashi aliing'oa. Alijenga nyingine mbali, kwa mbao ambazo hajazipaka kitu, na kuna mchwa tayari. Siku hizi ananyunyizia akiwa amevaa glovu na koti la mvua. Majirani wanamwita daktari.

Siku ya mwisho wa wiki nane tulikuwa wanne kwenye benchi: mimi, Nyambura, Gitau na mama, aliyekuja na chupa ya chai. Kulikuwa na kijana mmoja aliyevaa koti la plastiki jipya kabisa, bado lina kibandiko. Mama akammiminia. "Umefika saa ngapi?" akamuuliza.

Daktari alinilaza. "Inua." Niliinua. Akaweka kiganja juu ya goti, akakandamiza. Mguu ukatetemeka. Akaongeza. Nilimwona Nyambura akisogeza midomo, anahesabu. Mguu ulishuka, lakini ulishuka polepole, ukibishana njia nzima.

"Vuta vidole vya mguu juu," daktari alisema.

Vinne vikaja. Kidole gumba kikabaki pale pale.

Aliandika kwa muda mrefu. "Hatufungui," alisema. "Kwa sasa."

Hayo yalikuwa kabla ya Krismasi. Tangu hapo mvua ndefu zimekuja na kwenda, koti la plastiki navaa nikitoka tu, na mapaja yangu yamekuwa tena mapaja. Nyambura ameomba uhamisho wa kuja kufundisha huku. Anapolisema hilo hageukii upande wa ghala, asionekane amekubali. Yule kijana wa kibandiko huja mara mbili kwa wiki kutoka Subukia kutumia mabomba yetu. Siku ya kwanza nilimuuliza nyumbani kwao anashika nini anaposimama. Akasema, "Ukuta tu." Nikamuuliza ukuta wa nini, umepakwa nini, nani aliupaka. Alinitazama kama mtu asiye mzima, lakini alijibu yote.

Vidonge vyangu vimebaki vya majuma matatu. Vikiisha nitapigwa picha ya mwisho. Daktari amesema wazi: kama mifupa ile miwili imeungana, nimemaliza, kama imeinama zaidi, lile neno "kwa sasa" litakuwa limefika mwisho, na mgongo utafunguliwa.

Leo asubuhi nimetembea urefu wa ghala bila kugusa bomba, mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano ncha ya kiatu cha kushoto imekwaruza sakafu. Gitau ameisikia na mimi nimeisikia. Huenda ni uchovu, huenda ni mgongo. Nimeandika siku, saa, na kwamba kidole gumba bado hakijainuka.